Mahali pa Kusimama

Gando, Pemba
2 Julai 2024

Kwa ndugu yangu Haidar,

Assalaam alaikum. Huku tumeamka, alhamdulillahi. Masika ya mwaka huu yamekataa kuondoka, ukuta wa chooni umelala wote na mwani wangu nusu umechukuliwa na maji. Rahma yuko kidato cha sita sasa. Kila tukikaa kula ananiuliza kama mjomba wake amempelekea salamu, nami namwambia ndiyo. Wifi yangu msalimie sana, na Nahla mbusu paji la uso, hata kama siku hizi anajiona mkubwa.

Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako, tangu arubaini ya mama, inaita mpaka inakatika. Barua hii nampa jirani yetu Bakar, anayefanya kazi melini. Ameahidi kuifikisha mpaka ofisini kwako Dar es Salaam.

Unajua kwamba nilikwenda mahakamani Wete kuomba nyumba ya mama isiuzwe mpaka wasia wake utazamwe. Wiki iliyopita nimeletewa majibu yako, yameandikwa na wakili wako, Suhaib. Nimeyasoma mwenyewe nikiwa nimekaa kizingitini. Umeapa kwamba wewe, Haidar Mwalim, ndiye mtoto pekee wa marehemu Bi Zulekha na kwamba huna ndugu mwengine. Hilo nimelisoma nikalirudia. Halafu chini yake pameandikwa kwamba mimi sina locus, na kwa hiyo nisisikilizwe.

Nilirudi kwa karani. Nikamuuliza, "Hii locus ni kitu gani nisichokuwa nacho?" Akacheka. "Bibi, hicho Kilatini. Muulize aliyekiandika." Basi nakuuliza.

Na la pili ndilo hasa. Siku ile mama alipotuita chumbani, wewe ulikaa kitandani upande wa miguu yake. Mzee Hamdan, muadhini wetu, alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Mama alisema nini? Nijibu hilo tu, hata kama la Kilatini hutalijibu.

Dada yako,
Time


Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Kwa dada yangu mpenzi Time,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako ilikaa mapokezi siku nyingi kabla sijaiona, niwie radhi. Sisi tuko salama. Nahla amemaliza chuo na anafanya kazi benki. Mama yake anasumbuliwa na magoti. Nimefurahi kusikia Rahma anasoma kwa bidii. Mwambie mjomba wake anamkumbuka.

Neno lile lisikutie simanzi. Si tusi. Locus ni mahali, basi. Warumi walilitumia kwa mambo mengi ajabu, na nilipokuwa chuoni nilikuwa nikilipenda kuliko maneno yote ya Kilatini tuliyofundishwa. Kwao, aya ya kitabu ni locus. Cheo cha mtu mbele za watu ni locus. Hata kaburi waliliita hivyo, na ukutani waliandika kwamba locus hii ni ya fulani, asizikwe mwingine. Sheria imelirithi. Locus standi ni mahali pa kusimama, yaani haki ya mtu kusikilizwa na mahakama katika jambo fulani. Kiwanja chenyewe kinachogombewa nacho ni locus, na hakimu akitaka anaweza kwenda kukiona kwa macho. Mtu anayelea mtoto asiye wake anasemwa kuwa yuko in loco parentis, pale mahali pa mzazi. Hapo ndipo aliposimama mama yetu kwako, Mungu amrehemu, na hakuna anayelikanusha hilo.

Kwa hiyo Suhaib aliposema huna locus, hakusema wewe si mtu. Amesema kwamba katika shauri hili hasa, sheria haikuwekei mahali. Ni hoja ya kawaida. Mimi mwenyewe huitoa dhidi ya watu ninaowaheshimu sana.

Mnunuzi anataka kiambo kizima, nyumba na shamba, bila kukigawa. Si mtu mbaya. Nitakutafutia chumba kizuri Wete, karibu na soko, ambapo hutahangaika na mwani.

Hayo mengine uliyouliza, madhali shauri liko mbele ya mahakama, si vizuri kuyaweka kwenye karatasi. Utanielewa.

Nduguyo,
Haidar


Gando
25 Agosti 2024

Kwa ndugu yangu Haidar,

Assalaam alaikum. Wifi aangalie magoti yake. Mwambie achemshe majani ya mkaratusi na afungie kitambaa cha moto. Hapa karafuu zimechanua vizuri upande wa kisimani, na mbuzi mweusi amezaa wawili. Rahma amefurahi kupata salamu za kweli safari hii.

Nilimwonesha lile neno lako. Akasema, "Mama, mbona hili letu la skuli!" Kumbe wanalo kwenye hesabu na wanalo kwenye bayolojia. Kwenye hesabu, anasema, ni njia ya nukta inayotembea bila kuisogelea wala kuiacha nukta nyengine, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Akizunguka huku kamba imekaza, pale anapokanyaga pote ndiyo locus yake. Nikamwambia, basi hiyo ninayo. Tangu miguu ya mama ilipomkataa nimekizunguka kitanda chake, na kamba haikupata kulegea.

Kwenye bayolojia, anasema ni pahala ndani ya damu ambapo kila alichorithi mtu kwa wazazi wake kimekaa. Hapo akafunga daftari, maana aliona anakoelekea. Nikamwambia sema tu. Akasema, "Cha Bibi wewe huna, mama. Maziwa hayafiki huko."

Kwa kuwa umeapa, nakukumbusha. Mama aliyenizaa alifariki sijatimiza arubaini. Baba yangu Nassor, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara kuchuma karafuu, alinibeba nyumba kwa nyumba na chupa ya maji ya mchele. Bi Zulekha alikuwa ndiyo kwanza amezika mtoto wake wa mwanzo, kifua kimejaa na hakuna wa kumpa. Alisimama mlangoni akasema, "Lete huyo." Nasabu yangu yote ni maneno hayo mawili. Baba yangu alirudi bara akapotea. Wewe ulipozaliwa, mimi meno yangu ya utoto yalikuwa yanaanza kung'oka. Nilikubeba mgongoni mpaka ukawa mzito kunishinda.

Na tulipokuwa wakubwa, wakaja watu wa kijiji cha Shumba, wasiotujua vizuri, wakamwambia Mzee Mwalim kwa nini asituoze, maana tunapendana. Baba yako aliwafukuza na bakora. "Wale ndugu!" alisema. "Wamenyonya ziwa moja, ni haramu!" Basi nieleze, wakili. Katika kutooana mimi ni dadako. Mbele ya hakimu mimi si mtu wako. Undugu gani huo unaofunga mlango tu na haufungui hata mmoja?

Kilatini chako kina neno moja. Sisi tuna pale, kule na mle. Hakimu atakuja kuona pale. Wewe miaka yote ulikuwa kule. Mimi nilikuwa mle.

Hukunijibu. Mama alisema nini?

Time


Dar es Salaam
14 Novemba 2024

Kwa Bi Time,

Salaam. Nilikuwa safarini Arusha na Dodoma kwa kesi, ndiyo maana umechelewa kunisikia. Familia ni wazima.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu na nitakujibu kwa utulivu. Kunyonya kunaharamisha ndoa, hakurithishi. Hilo si langu wala si la Suhaib, ni la dini yetu sote, na shehe yeyote hapo Gando atakwambia hivyo hivyo. Kiapo changu kinamhusu mrithi. Katika lugha ya mahakama ndugu ni yule anayerithi pamoja nawe, na kwa maana hiyo nilichoapa ni sahihi, neno kwa neno. Haikuwa nia yangu kukuumiza.

Ninakuomba uondoe shauri. Ukiliondoa wewe mwenyewe hakutakuwa na maneno, na kile chumba cha Wete bado nitakilipia. Ukisubiri lifutwe, Suhaib ataomba gharama, na mimi sitaweza kumzuia.

Usimtumie mtoto katika mambo ya watu wazima.

Haidar Mwalim


Gando
3 Desemba 2024

Kwa Wakili Haidar Mwalim,

Assalaam alaikum. Wazima tupo, na wagonjwa tunao, na mmoja amekwenda zake. Ndiyo habari niliyonayo.

Kweli maziwa hayarithishi, nami sikudai urithi. Mwenye kurithi haachiwi wasia. Wasia huachiwa yule asiyerithi, ndani ya theluthi ya mali, na dini yetu sote inasema hivyo pia, ila kwenye barua yako umeiruka aya hiyo. Kadhi nilimuuliza mwanzo kabisa. Akaniambia, "Lete mashahidi wawili waliosikia." Mashahidi wangu ni wewe na Mzee Hamdan.

Basi nilimfuata Mzee Hamdan huko Shumba, kwa bintiye, anakouguzwa tangu alipopooza. Nilimkuta amelazwa barazani kwenye kitanda cha kamba, upande mmoja wote umekufa. Bintiye akaniambia, "Hasemi, Bi Time. Anaangalia tu." Nikakaa chini karibu na kichwa chake. Nikamwambia, "Mzee wangu, ni mimi, Time wa Bi Zulekha. Unakumbuka mama alivyosema siku ile?"

Alinitazama. Halafu midomo ikaanza kutafuta, na mate yakimtoka, mpaka akalipata neno. "Tumesikia." Nikamuuliza, "Mmesikia nini, mzee?" Akasema, "Tumesikia. Tumesikia." Ndilo neno pekee lililobaki mdomoni mwake. Alilisema huku analia, na bintiye analia, na mimi nimemshika ule mkono ulio hai.

Unakumbuka kwamba ndilo jibu alilompa mama. Mama aliuliza, "Mmesikia?" naye akajibu kwa niaba yenu wawili. Wewe ulisema, "Ndiyo, mama," na ukambusu mguu.

Mzee Hamdan amezikwa Shumba Ijumaa iliyopita. Sasa aliyebaki kusikia ni wewe peke yako. Si sheria ninayokuuliza. Nakuuliza ulisikia nini kwa masikio yako.

Time


Dar es Salaam
10 Januari 2025

Kwa Bi Time,

Nimepokea taarifa ya Mzee Hamdan kwa masikitiko. Alinifundisha kuadhini. Mungu amlaze pema.

Shauri limepangwa kusikilizwa mwezi ujao, nawe utaletewa wito. Nitakuja Pemba mwenyewe. Nitafikia Chake Chake hotelini, kwa hiyo usijishughulishe na chakula. Ninakusihi, tukiwa mahakamani, usinisogelee wala kuniita jina la nyumbani mbele za watu. Ni mahali pangu pa kazi pia.

Haidar


Fundo
6 Aprili 2025

Kwa Haidar,

Eid imepita, nakutakia kheri wewe na watu wako. Anuani hapo juu si makosa. Niko kisiwani Fundo, kwa wifi yangu Saada, dada wa marehemu mume wangu. Hawa ni wavuvi, nyumba yao ndogo na wao wengi, lakini nilipofika na mizigo hakuna aliyeniuliza nitakaa mpaka lini. Rahma amebaki Wete kwa rafiki yake, kwa ajili ya mitihani.

Ya mahakamani uliyaona. Lakini uliyaona kutoka upande wako, na mimi nataka uyasome kutoka kwangu.

Nilifika mapema nikakaa benchi la nyuma. Wakaita "Time Nassor" na mimi sikuitika, maana jina hilo hakuna aliyewahi kuniita nalo. Mpaka askari akanigusa bega. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Akaniuliza, "Bi Time, wewe ni mtoto wa marehemu?"

"Alininyonyesha."

"Nimeuliza kama alikuzaa."

"Hakunizaa."

"Huo wasia unaousema, nani aliusikia?"

"Watu wawili. Mmoja amekufa. Mwengine ni yule pale aliyevaa koti."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akakugeukia. "Bwana Haidar, mahakama ingependa kukusikia. Marehemu aliusia?"

Ukasimama. Haidar, nilikuona ukisimama, na moyo wangu ukasimama pamoja nawe. Ulifungua mdomo. Ulikuwa na uso ule ule uliokuwa nao ulipovunja mtungi wa jirani na ukataka kusema kweli kabla hujaulizwa. Nikajua utasema. Suhaib akakushika koti, akanyanyuka yeye. "Mheshimiwa, mteja wangu hana la kuongeza juu ya kiapo chake."

Hakimu akakuuliza wewe, hakumjibu yeye. "Ni hivyo?"

Ukasema, "Ni hivyo, mheshimiwa."

Nikaambiwa sina pahala pa kusimama, na nilikuwa nimesimama. Nikakaa. Sikujua la kufanya jengine.

Nje ulipita karibu yangu na mkoba wako. Nilitimiza ulichoniomba, sikukuita. Nilidhani utageuka. Ulikuwa unatazama simu.

Watu wa mnunuzi walikuja wiki ya mwanzo ya Ramadhani. Walianza na jiko. Nilikuwa nimeweka maji ya futari motoni, wakanisubiri niepue, kwa adabu kabisa, halafu wakapiga nyundo. Yule msimamizi wao ni mtu wa Unguja. Aliona aibu, akaniuliza, "Bibi, hii nyumba ulikuwa unaitunza tu, au ni ya kwenu?" Nikamwambia nilikuwa naitunza tu.

Mikarafuu ya kisimani wameikata. Sikuwepo, nimeambiwa na Bakar.

Chumba cha Wete sikitaki. Mpe mtu mwengine.

Sikuulizi tena katika barua hii. Niliyekuwa namuuliza amejibu mbele ya hakimu.

Time


Dar es Salaam
19 Agosti 2025

Dada yangu Time,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sijui nianzie wapi. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Nimesikia kwa Bakar kwamba uliugua homa mwezi wa Juni, na kwamba sasa umeinuka. Nimeshukuru Mungu. Nimesikia pia Rahma amefaulu vizuri sana. Mpe hongera. Akitaka kusoma huku, nyumba yetu ni yake.

Tuna jambo la furaha. Nahla ameposwa. Kijana anaitwa Ashraf, ni daktari, wazee wake ni watu wa Chake Chake, familia yenye heshima na yenye kushika mila. Harusi tumeipanga mfungo saba, yaani mwezi wa Oktoba, na itafanyika Pemba, kwao.

Walipokuja kuposa, mama yake Ashraf aliuliza, "Shangazi wa mtoto yuko wapi? Sisi hatumchukui mwari asiyetoka mikononi mwa shangazi yake." Nahla akajibu kabla yangu. Akasema, "Shangazi yangu anaitwa Time, yuko Pemba." Wakafurahi sana. Wameshaitaja kanga ya shangazi na nani atakaa naye siku ya kusingwa, anapopakwa manukato. Mke wangu hana wa kumpeleka. Unajua kwamba dada zake wote wako Muscat. Na upande wangu, dada, sina mwingine ila wewe.

Naomba uje. Nitakutumia mtu akuchukue Fundo. Mahali pako papo mbele kabisa, karibu na mwari, na hakuna atakayekuuliza kitu. Yale ya mahakamani yalikuwa maneno ya mahakama. Kila pahala na maneno yake. Wewe ni mtu mwenye moyo mkubwa, na nakumbuka ulinibeba mgongoni, sijasahau.

Hali yangu si nzuri sana. Silali vizuri. Ile ofisi mpya niliyonunua kwa pesa za kiambo imekaa tu, sijaingia. Nikipata nafasi ya kukaa nawe ana kwa ana nitakueleza mengi. Si ya kuandika.

Nijibu haraka, tafadhali.

Nduguyo,
Haidar


Fundo
21 Septemba 2025

Kwa baba yake Nahla,

Waalaykum salaam. Nimepona, nimerudi kwenye mwani na Saada. Rahma amepata nafasi ya chuo hapa hapa Zanzibar. Nyumba yako hataihitaji, ahsante.

Nilipopata barua yako nilikaa nayo siku kadhaa na jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka kukuandikia kwamba huwezi kuapa leo huna dada na kesho ukaagiza dada kama mtu anavyoagiza viti vya harusi. Nilitaka kukwambia umtafute Suhaib, aandike karatasi, awape watu wa Chake shangazi wa kisheria. Nilikuwa na maneno makali sana, Haidar, na mengine nilikuwa nayasema peke yangu nikiwa ndani ya maji, mpaka Saada akaniuliza nagombana na nani.

Kabla sijayaandika, Nahla akaja. Alhamisi, tumetoka kutandaza mwani, nikamuona anashuka kwenye boti ya Wete, kavua viatu kashika mkononi, buibui limerowa mpaka magotini. Rahma alikuwa naye, ndiye aliyemuonesha njia. Hakusema wewe umemtuma, na nadhani hukumtuma. Alikaa nasi siku tatu. Alikula tulichokula, akalala na watoto wa Saada kwenye jamvi. Nimemfunza kile ambacho shangazi humfunza mwari, na kingine nilichojifunza mwenyewe, kwamba asiweke maisha yake yote ndani ya nyumba ambayo kuna siku ataulizwa aliingiaje.

Jana baada ya chakula tulikuwa uani tunasuka ukili wa jamvi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Shangazi, ni kweli baba aliapa kwamba hana dada?"

Nikamwambia, "Kweli."

Akasuka kidogo. "Na Bibi alisema nini kuhusu nyumba?"

Rahma aliniangalia. Najua alitaka niseme. Nilikuwa nayo yote hapa kooni, neno kwa neno, vyumba vya nyuma na jiko na mikarafuu ya kisimani, na wewe na mguu wake ulioubusu. Nikamwambia, "Mwanangu, ukisikia kwangu utakuwa umesikia kwa mtu aliyeshindwa kesi. Muulize baba yako. Alikuwa amekaa miguuni pake."

Aliuweka ule ukili chini, na hakuushika tena mpaka magharibi.

Harusini nitakwenda, kwa sababu yeye ameniomba. Nitamtoa kwa mikono yangu. Wewe usimtume mtu kunichukua, najua njia ya Chake.

Anarudi Dar es Salaam leo. Barua hii nampa yeye akuletee, na sikuifunga. Amenambia atakupa mkononi na hataondoka chumbani mpaka uimalize. Basi ukifika hapa, inua uso, atakuwa amesimama mbele yako. Mimi nimemaliza kuuliza. Mjibu mtoto.

Time